Mwezi Ulioandama Sharja

Aleksandria, 9 Septemba

Kaka Wagdi,

Nakusalimu kwa niaba ya nyumba nzima, maana wakiandika wote karatasi haitatosha. Goti la Mama bado linamsumbua akipanda ngazi, na anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula. Hataki kulisikia kwangu, anataka uandike kwa mkono wako jana ulikula nini na nani alipika. Mjomba amepaka varanda yake rangi ya kijani kibichi, sasa mtaa mzima unamcheka. Safinaz binti yake, mchumba wako, hakunipa salamu zozote. Anasema salamu zake kwako si za kupitia kwa wifi.

Jarida letu limetimiza miaka miwili. Ulisema halitafika miezi mitatu. Sikukumbushi kwa ubaya, nakukumbusha tu. *Usiku wa Leo* siku hizi linaisha vibandani kabla ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na mwenye kibanda cha Stesheni ya Ramli hunifichia nakala yangu chini ya meza, mimi mhariri mzima. Watu wa mji huu walikuwa wakikaa nyumbani wakilalamika kwamba Kairo ndiko kwenye kila kitu. Kumbe vitu vilikuwapo hapa hapa, ila kila mmoja alijua vya mtaa wake tu.

Na kazi yenyewe unajua ni ya nani. Kila wiki Safinaz hupanda tramu akazunguka kumbi, majumba ya maigizo na mikahawa yenye wapiga udi, akanywa chai na mabawabu, akarudi na ratiba nzima mkobani. Bila yeye ningekuwa nachapa mashairi ya marafiki zangu, na nani angenunua?

Sasa sikia linalonikera. Tangu mwezi wa saba kuna jarida jingine, *Mwongozo wa Mji*, linagawiwa bure kwenye maduka ya halua. Mwenyewe ni Tharwat, yule wa matangazo ya sabuni, uliyekuwa naye jeshini. Bure yake sijali. Ninachojali ni kwamba ratiba iliyomo ni yetu. Mwezi uliopita niliandika, kwa kosa langu mwenyewe, kwamba maonyesho ya picha yako ghorofa ya tatu. Jengo lile lina ghorofa mbili. Tharwat naye kaandika ghorofa ya tatu, na lake lilitoka siku mbili kabla ya langu.

Maana yake kuna mtu anampa kurasa kabla hatujachapa. Simtaji mtu. Nitakutumia kurasa za mwezi ujao kwa faksi kama kawaida, unisahihishie. Usome vizuri, maana ile ghorofa ya tatu hata wewe ilikupita.

Nduguyo,
Madiha

Sharja, 4 Oktoba

Mdogo wangu Madiha,

Salamu nyingi, na mkono wa Mama uubusu kwa niaba yangu. Mwambie jana nilikula wali na samaki, nilipika mwenyewe, na chumvi haikuzidi. Joto limeanza kupungua, sasa mtu anaweza kutembea mpaka dukani bila kujuta. Kazini wamenihamishia kurasa za biashara. Kusahihisha bei za saruji si kazi ya kuchangamsha, lakini mshahara ni ule ule.

Nimepata nyumba. Vyumba viwili, na jiko lenye dirisha. Hilo la dirisha mwambie Safinaz, maana kila barua ananiuliza jiko likoje, nami namweleza, na mwisho anamalizia kwa kusema atakuja baada ya toleo lijalo. Madiha, matoleo hayaishi. Nilimvisha pete miaka mitatu iliyopita. Wenzangu hapa wameshaanza kuniuliza kama huyo mchumba nimemtunga.

Kuhusu Tharwat, simkumbuki vizuri. Jeshini tulikuwa wengi. Ningekuwa wewe ningemwangalia kwanza mchapaji. Halafu na Safinaz, Mungu amhifadhi, ana moyo mweupe mno, ukimuuliza anajibu. Mimi sisemi lolote. Nasema tu kwamba mtu anayekunywa chai na mabawabu wote wa mji hawezi kujua nani anamsikiliza.

Endelea kunitumia kurasa. Zije mapema zaidi ukiweza, nipate nafasi ya kuzisoma kwa utulivu.

Kaka yako,
Wagdi

Aleksandria, 27 Oktoba

Kaka,

Sisi wazima. Mama ameupokea ule wali na samaki kwa furaha, ila sasa anataka kujua ni samaki gani. Tufani ya kwanza ya majira imepita, maji yameruka ukuta wa pwani yakafika mpaka milangoni, na varanda ya Mjomba imebanduka rangi. Watu wamefurahi.

Nimebadilisha mchapaji, kama ulivyosema. Mchapaji wa zamani alilia. Aliniambia, "Bibi Madiha, mimi nimekuchapia kadi za harusi za nyumba yenu yote, leo unaniona mwizi?" Nikaona aibu, lakini nikaondoka. Na unajua kilichotokea? Toleo la Novemba la Tharwat limetoka na ratiba yetu yote, neno kwa neno.

Basi nikaanza kumtazama Safinaz. Sipendi kuandika hivi kwako, lakini nitamwandikia nani? Jumatatu alionekana duka la halua la Manshiya akizungumza na Tharwat. Nilimngoja ofisini.

"Ulikuwa Manshiya?"

"Nilikuwa."

"Na Tharwat?"

"Nilikuwa na basbusa. Tharwat alikuwa nyuma yangu kwenye foleni."

"Mlizungumza nini?"

"Alinisalimia. Akauliza, mchumba wako hajambo huko Sharja? Nikasema hajambo. Wifi, unataka na bei ya basbusa?"

Nikamwambia asinifanyie mzaha. Akavua viatu vilivyolowa, akaketi kuandika ratiba. Anafunga mkoba wake sasa kila akiinuka, jambo ambalo hakuwa akilifanya zamani. Nami ninamtazama anavyoufunga. Ndivyo tunavyofanya kazi siku hizi, kaka, na ofisi yenyewe ni chumba kimoja.

Jambo moja dogo. Nimeitazama picha yako ya jeshini iliyo sebuleni. Aliyekushika bega ni Tharwat.

Madiha

Sharja, 24 Novemba

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilizidi halafu nikashikwa na mafua. Mwambie Mama alikuwa samaki changu, na mafua yamepona.

Picha ile ni ya zamani. Mtu akiambiwa asimame kwa picha humshika bega yeyote aliye karibu.

Umeniuliza ushauri, au hukuniuliza, nakupa hata hivyo. Usimfukuze Safinaz. Ni damu yetu, na Mjomba hatakusamehe. Mpumzishe tu. Mwambie amechoka, apumzike mwezi mmoja miwili, ratiba ukusanye mwenyewe. Kama kurasa zikiacha kuvuja, utajua. Kama hazikuacha, utamwomba radhi na mambo yataisha. Nakwambia hivi mimi ambaye ndiye mchumba wake, kwa hiyo uone kwamba sina upande.

Kurasa za Desemba zilichelewa kunifikia. Kuna tatizo?

Wagdi

Aleksandria, 5 Januari

Kaka Wagdi,

Nimekaa kimya muda mrefu na sitaomba radhi. Mama hajambo, goti limetulia kwa ile dawa ya kupaka uliyotuma. Nyumbani kwa Mjomba siendi tena, kwa hiyo habari zao sina.

Nilimwambia Safinaz apumzike. Nilitumia maneno yako, yale ya kuchoka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Unaniambia nipumzike, au unaniambia mimi mwizi?" Nikasema sikusema mwizi. Akasema, "Hukusema. Ndiyo maana nakuuliza." Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kupanga karatasi mezani. Akaacha ufunguo juu ya meza. Jioni hiyo hiyo mke wa Mjomba akampigia Mama simu, na hayo yaliyosemwa siwezi kuyaandika.

Mwezi wa Desemba nilizunguka mwenyewe. Mabawabu hawanijui. Wananiita daktari kwa heshima, wananiambia kila kitu kiko sawa, na chai hawanipi. Nimeandika tamasha la udi lililokuwa limefutwa tangu wiki mbili nyuma. Watu walikwenda, wakakuta kiti kimoja na ndoo jukwaani. Vibanda vimeanza kunirudishia nakala zilizofungwa kamba vile vile nilivyozipeleka, na mwenye duka la vitambaa ameondoa tangazo lake la jalada la nyuma. Lakini la Tharwat nalo lilikuwa na tamasha lile lile lililofutwa. Nililiona, na akili yangu haikufika popote. Nilisema moyoni, labda Safinaz alishampa mapema. Mtu akishaanza kushuku, kila kitu kinamshuhudia yule yule.

Limebaki toleo la Ramadhani. Nikilipata hilo, jarida litaishi. Mwezi mzima mji hukesha, na kila mtu anataka kujua aende wapi baada ya sala ya tarawehe. Unakumbuka tunavyolifanya. Hakuna mwimbaji wala mcheza vikaragosi anayekwambia Jumatatu au Jumanne. Anakwambia Ramadhani ya tano, Ramadhani ya kumi na mbili, basi. Siku ya wiki nani anaijua kabla mwezi haujaandama? Kwa hiyo kurasa nilizokutumia zina hesabu ya Ramadhani tu, na nafasi za siku za wiki nimeziacha tupu. Mufti akitangaza kuandama kwa mwezi, nitakuwa kwa mchapaji kalamu mkononi, nitazijaza, tutachapa, na alfajiri yake jarida litakuwa vibandani.

Safari hii hakuna aliyezigusa. Mashine nimepiga mwenyewe, faksi nimetuma mwenyewe. Tumeziona mimi na wewe tu.

Madiha

Sharja, 4 Februari

Mdogo wangu Madiha,

Ramadhani karimu kwako na kwa Mama, na Mungu atufikishe sote mwisho wake. Sisi huku tulianza Alhamisi, sijui ninyi. Nafuturu na wenzangu kwenye nyumba mpya, mmoja wao anapika supu ya dengu inayokaribia ya Mama, ila asiambiwe. Nyumba ina kila kitu sasa, hata pazia.

Nina habari njema, na nataka uzisikie kwangu. Safinaz amekubali. Mjomba atamleta mwenyewe baada ya Idi, na ndoa tutaifunga huku mbele yake. Ameandika barua fupi tu. Hakuuliza habari za jiko. Amesema hana tena kinachomweka Aleksandria. Najua kati yenu kuna jambo, lakini Idi ni siku ya kusameheana, nenda kamsalimie. Yote yamekwisha kwa heri, na pengine Mungu alikuwa na njia yake.

Toleo la Ramadhani lilikwendaje? Usihuzunike sana ikiwa halikwenda vizuri. Ulijitahidi kuliko mtu mwingine yeyote.

Kaka yako akupendaye,
Wagdi

Aleksandria, 9 Machi

Wagdi,

Mama hajambo. Mengine ya nyumbani utayasikia.

Umeuliza toleo la Ramadhani lilikwendaje. Sisi tulianza Ijumaa. Alhamisi usiku nilikuwa kwa mchapaji, nikajaza nafasi zote, tukachapa. Asubuhi nikapeleka jarida vibandani na kukuta la Tharwat limeshagawiwa mji mzima tangu jana yake. Ratiba yetu yote, shughuli kwa shughuli. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti. Yeye hakuandika Ramadhani ya ngapi, aliandika siku za wiki peke yake, na kila shughuli ilikuwa siku moja kabla.

Kila moja, Wagdi. Hakukosea mbili tatu. Zote zilirudi nyuma siku moja, kama mtu aliyefunga vifungo vya shati akianza na tundu lisilo lake.

Jumatatu nilikwenda uwanja wa Anfushi kushuhudia. Watu walikuwa kama mia mbili, na watoto wao wamevalishwa, na mlango wa kikundi cha vikaragosi umefungwa. Bawabu akamwita Mzee Gharib, mcheza vikaragosi, kutoka nyumbani kwake. Akaja na kandambili, kipande cha halua ya kunafa bado mdomoni.

"Si ulisema leo?" mama mmoja akamkabili.

"Bibi, mimi ni Ramadhani ya tano. Leo ya nne."

"Jarida linasema Jumatatu."

"Basi liambie jarida likuchezee."

"Mtoto wangu hajalala mchana kwa ajili yako, mzee."

"Wangu wa miaka arobaini naye hajalala. Rudini kesho."

Hawakurudi kesho. Hakuna aliyerudi popote mwezi mzima. Kumbi zilizokuwa zikijaa ziliona watu usiku usio wao, na usiku wao zikakaa tupu. Nilishika jarida langu lenye siku sahihi nikawaonyesha watu pale uwanjani. Mzee mmoja akalitazama hili na lile, akasema, "Ninyi mnaoandika ni wale wale," akanirudishia. Tharwat amesema kosa ni la mwezi, na watu wakacheka, kwa sababu lake ni la bure. Langu walilinunua. Tumefunga. Chumba nimekirudisha kwa mwenyewe, na ile meza kubwa ameichukua fundi saa wa chini.

Siku nyingi nilijiuliza, ni mtu gani aliyezijaza zile nafasi tupu? Hapa mjini hata mlevi alijua kwamba Alhamisi hatujaanza kufunga. Redioni walisema Ghuba wameanza Alhamisi. Nilisikia, nikainuka nikaenda kuosha vyombo. Sikutaka kufikiri. Halafu ikaja barua yako. Sisi huku tulianza Alhamisi, sijui ninyi. Nikaisoma nimesimama ngazini, na Mama akaniita juu mara tatu nikashindwa kupanda.

Ulizijaza kwa mwezi wako. Mwezi uliandama Sharja, nawe ukachukua kalamu, ukahesabu vizuri sana, ukamtumia rafiki yako wa jeshini. Ulikuwa na haraka na hukukumbuka kwamba huku hatujaanza. Miaka mingapi umefunga na sisi, Wagdi? Umesahau kwamba mara nyingine tunatangulia na mara nyingine tunachelewa?

Sikuulizi kwa nini. Ulimtaka Safinaz, na alikuwa haji mradi jarida lipo. Hilo ningelielewa. Ungeniambia, "Madiha, mwachie aje," ningekasirika wiki moja kisha ningemwachia. Nisiloweza kulimeza ni kwamba ulinifanya mimi nimfukuze. Ulinionyesha kwa kidole halafu ukasema huna upande. Nilimtazama binti wa Mjomba akifunga mkoba wake, nikamwona mwizi, kwa sababu kaka yangu alinifundisha kumwona hivyo. Mtaani sasa wanasema aliuza kazi ya wifi yake. Wanasema mbele ya mama yake. Nakuchukia kwa hilo, na sijui nitaacha lini.

Siku ya pili ya Idi nilikwenda kwao. Nilimwomba msamaha mbele ya wazazi wake wote wawili. Nikasema nimejua kwamba hakuwa yeye. Mke wa Mjomba akalia. Safinaz akaniuliza, "Alikuwa nani?"

Nikasema bado sijui.

Sijui kama nilisema hivyo kwa kukulinda au kwa kuogopa macho yake. Akasema, "Haidhuru, wifi. Nimechoka na mji huu. Nikiingia mahali watu wananitazama mikono. Angalau Wagdi hajawahi kunishuku." Akanionyesha nguo ya harusi. Amedarizi kola mwenyewe. Akataka tule pamoja, tukala, na kila nilipofungua mdomo niliweka chakula.

Ndege yao ni Alhamisi. Kwa posta barua hii ingekukuta umeshaoa, kwa hiyo nimempa yeye akuletee. Unajua tunavyompa msafiri barua, hatuifungi bahasha, maana kuifunga ni kumwambia humwamini. Mimi nimemshuku Safinaz vya kutosha. Sikuifunga. Nimemwambia ina habari zake pia, na kwamba akitaka kuisoma kabla ya kupanda ndege, ni haki yake.

Ukiipokea mkononi mwake, ujue hakuisoma, na utamsomea wewe. Ukiipata kwa posta, ameisoma.

Madiha